Nani afundishe urembo? Swali ambalo urasimishaji wa ujuzi haujalijibu

Mtaala mpya ulioanza kutumika Tanzania Januari 2024 umeurudisha ufundi katika shule za sekondari kupitia mkondo wa amali. Wakati huohuo VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, inaendelea na urasimishaji wa ujuzi, utaratibu unaompima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti bila kumrudisha darasani kuanza upya. Yote mawili ni mambo mema. Kinachonisumbua ni tafsiri iliyozuka mitaani, hasa kwa watu wa ususi na urembo, kwamba msusi aliyerasimishwa ni mwalimu tayari, alichokuwa amekosa ni karatasi tu. Saluni inapata cheti kimoja cha kutundika ukutani, na haupiti muda mrefu nje kunasimamishwa bango la mafunzo ya wiki sita. Wanaoyalalamikia mabango hayo nao wamekosea kwa upande wao, maana wanachodai ni diploma, kana kwamba diploma imewahi kumzuia mtu kuunguza kichwa cha mteja.

Hoja yangu ni hii. Katika urembo, makosa mazito mengi hayaonekani siku yanapofanyika. Hujitokeza baada ya wiki, miezi, pengine miaka, na mara nyingi mteja akiwa ameshahamia kwa fundi mwingine. Kwa sababu hiyo uzoefu peke yake haumsahihishi fundi. Mwalimu wa urembo ni mtu aliyefunzwa kuliona kosa mkononi mwa mwanafunzi wakati madhara yake bado yako mbali, na kueleza kwa nini ni kosa. Uwezo huo haupimwi na urasimishaji, wala hauthibitishwi na diploma ya jumla, na wafuasi wa Instagram hawauongezi hata kidogo.

Tuanze na kile ambacho vyeti vyenyewe vinasema. Mfumo wa zamani wa majaribio ya ufundi Tanzania ulikuwa na madaraja matatu, na mfumo wa umahiri wa sasa una Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi ngazi ya I hadi ya III. Vyote vinathibitisha kwamba mwenye cheti anaweza kufanya kazi fulani kwa kiwango fulani. Ualimu una njia yake: fundi mwenye fani anakwenda Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi kilichoko Morogoro kujifunza kupanga somo, kufundisha na kupima. Kenya hali ni hiyohiyo; majaribio ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, yana madaraja yake, lakini Sheria ya TVET (elimu na mafunzo ya ufundi) ya 2013 inamtaka mkufunzi awe na leseni ya ukufunzi mbali na cheti cha fani. Kwa hiyo sheria haijawahi kuchanganya mambo haya mawili. Waliochanganya ni wamiliki wa vyuo vidogo, na wazazi wanaolipa ada bila kuuliza.

Sasa tuangalie kazi ambayo kila saluni inaifanya, kuweka dawa ya kulainisha nywele. Dawa nyingi za aina hii ni alkali kali yenye pH ya 12 kwenda juu. Nyingine zina sodiamu haidroksaidi moja kwa moja. Nyingine unachanganya krimu ya kalsiamu haidroksaidi na kimiminika cha guanidini muda mfupi kabla ya kupaka. Inachofanya dawa ni kuvunja viungo vya salfa ndani ya unywele, na vikishavunjwa hivyo havirudi. Hatua zake fundi mzuri anazijua kwa moyo: mteja asiwe ameosha wala kukwaruza kichwa siku mbili tatu kabla, mafuta ya mgando yapakwe ukingoni mwa nywele na masikioni, kichwa kigawanywe mafungu manne, dawa ianzie kisogoni na imalizie mbele ambako nywele ni laini, ipakwe kwenye nywele zilizoota tu, na saa iwe inaangaliwa.

Makosa yake ndiyo yenye somo. La kwanza ni kuivuta dawa mpaka kwenye ncha zilizokwishawekwa dawa miezi miwili iliyopita, kwa sababu zikipata dawa tena zinalala vizuri na kumeremeta. Siku hiyo mteja anatoka amependeza. Nywele zinaanza kukatika wiki ya pili au ya tatu, kwenye mstari uleule dawa mpya ilipopandia ya zamani, naye analaumu maji ya chumvi, mto wa kulalia au jicho la jirani. La pili ni kusuuza harakaharaka. Nyutralaiza nyingi, yaani zile shampuu za kuzima dawa, zina kiashiria cha rangi: povu likiwa na waridi, alkali bado imo kichwani, na unaendelea kuosha mpaka povu liwe jeupe. Fundi aliyekariri "osha mara tatu" ataosha mara tatu hata pale kichwa kinapotaka tano. Nywele zinaendelea kuliwa taratibu baada ya mteja kuondoka, na saluni haiwezi kujua. La tatu ni kumwekea kalikiti mtu mwenye nywele za dawa. Kemikali ya kalikiti ni thayoglaikoleti, haipatani kabisa na nywele zilizopita kwenye haidroksaidi, na hapo zinaweza kukatikia kwenye sinki. Hili la tatu mafundi karibu wote wanalijua, kwa sababu linaadhibu papo hapo. Mawili ya kwanza unaweza kuyakuta kwa mtu aliyefanya kazi miaka ishirini, kwani hakuna aliyerudi kumwambia.

Mfano wa piko, ile michoro myeusi ya mikononi na miguuni, ni mzito zaidi, na watu wa mwambao wanaujua vizuri. Hina ya majani yenyewe hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu, na inachukua saa kadhaa kukolea. Weusi wa haraka unaotafutwa kwa harusi hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, inayokorogwa na kupakwa ngozini, mahali ambapo haikutengenezewa. Mara ya kwanza bibi harusi anaweza asipate chochote, kumbe mwili umeshajifunza kuikataa. Mara nyingine malengelenge yanatokea yakifuata mchoro wenyewe wa ua, jani kwa jani. Mzio huo kwa kawaida hudumu maisha yote. Miaka kadhaa baadaye anakwenda kutia nywele rangi kwa fundi asiyejua historia hiyo, na uso unavimba mpaka macho yanafumba. Ndiyo maana jaribio la mzio ni la saa 48: tone dogo nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa kiwiko, liachwe, liangaliwe siku ya pili. Mafundi wengi wanapima kwa nusu saa na kusema mteja yuko salama. Nusu saa haitoshi, kwa kuwa mzio wa aina hii huletwa na chembe za kinga zinazochukua siku moja hadi tatu kukusanyika mahali hapo. Mwalimu asiyejua sababu hiyo atafundisha "saa 48" kama mila tu, na mila huachwa siku mteja akiwa na haraka.

Kucha za jeli ziko vilevile. Jeli ikigusa ngozi, au ikipakwa nene kiasi kwamba taa haiikaushi mpaka chini, molekuli za akrilati kama HEMA zinabaki mbichi na kupenya. Mwanafunzi anatakiwa aache nafasi ya takriban milimita moja kabla ya ngozi ya kucha, apake tabaka nyembamba, na atumie taa inayolingana na jeli yenyewe. Taa ya bei poa inayong'aa vizuri inaweza isitoe mwanga wa urefu unaotakiwa. Mzio wa akrilati ukishaingia unamfuata mtu hata kwa daktari wa meno, maana vifaa kadhaa vya kuzibia meno ni ndugu wa kemikali hizo. Anayeathirika mapema zaidi huwa ni mpakaji kucha mwenyewe.

Na rasta? Mteja akiambiwa ameze Panadol baada ya kusukwa, taarifa ya kosa imeshatolewa, ila hakuna aliyeisoma. Viupele vyeupe ukingoni na maumivu ya kuinua nyusi ni dalili kwamba mizizi inavutwa. Ukilegeza mapema, nywele zinarudi. Ukirudia mwaka hadi mwaka, kinachobaki ni kovu.

Sasa, wanaotetea fundi asiye na cheti cha ualimu wana hoja, na sitaki niipite haraka. Ususi wetu haukuanzia chuoni. Twende kilioni imefundishwa barazani, binti ameketi katikati ya magoti ya shangazi, na imefundishwa vizuri kuliko kitabu chochote. Hiyo ni kweli, na sababu yake ni kwamba pale kosa linaonekana hapohapo: mstari umepinda, fungu moja ni nene kuliko jingine, mkia umelegea. Mkono unajirekebisha kwa macho. Kwa kazi za namna hiyo, yaani kugawa mistari, kusuka, kukata, kupiga pasi, kuchora hina ya asili, ningemweka fundi mzoefu mbele ya darasa kabla ya mwenye diploma, bila kusita. Anayemdai msusi wa namna hiyo shahada ndipo amruhusu afundishe yebo yebo anapoteza muda wa watu. Shaka yangu inaanzia pale kazi inapohusu kemikali, damu, mzio au ngozi iliyokwisha dhurika, mahali ambapo jicho la fundi halioni kitu siku ya kazi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya soko: mwache mtu afundishe, akifundisha vibaya wanafunzi wake watakosa wateja na chuo kitafungwa chenyewe. Soko huadhibu kosa ambalo mnunuzi analiona na anaweza kulihusisha na aliyelifanya. Mwanamke anayekatika nywele wiki ya tatu hamkumbuki mwanafunzi aliyesuuza haraka, sembuse mwalimu wa mwanafunzi huyo. Kati ya somo na madhara kuna watu watatu na miezi kadhaa. Wenye hoja hii hupenda kutaja Texas, ambako mwaka 2021 jimbo lilifuta leseni ya pekee ya ukufunzi wa urembo na kuacha mwenye leseni ya fani afundishe fani yake. Ni kweli walifuta. Lakini jimbo lilelile humtaka mhitimu apate leseni kabla ya kumgusa mteja kwa malipo, tena leseni hiyo ina mtihani, na saluni zinakaguliwa. Waliondoa mlinzi wa mlango wa kuingilia kwa kuwa mlango wa kutokea una mlinzi. Kwetu mhitimu wa wiki sita anafungua kibanda kesho yake. Ukiiga nusu ya mfumo wa watu, umechukua ile nusu isiyolinda chochote.

Upande wa diploma nao una kasoro zake, na zinaonekana darasani. Kuna walimu wanaofundisha dawa mwaka mzima kwenye kichwa cha sanamu chenye nywele za bandia. Nywele za bandia hazipokei dawa na zinayeyuka kwa pasi. Mwanafunzi anajifunza kupaka krimu kwenye plastiki. Hata kichwa chenye nywele halisi kina upungufu: hakisemi "panawasha". Mteja hai anapaswa kuulizwa kila baada ya dakika chache kama anasikia moto, na swali hilo ni ujuzi unaofanyiwa mazoezi kama kushika kitana. Mwalimu aliyeajiriwa kwa vyeti vya darasani tu mara nyingi hulisahau, kwa vile hajawahi kusimama nyuma ya mteja anayeona aibu kusema kichwa kinaungua.

Kazi ya ualimu wenyewe ina hesabu ambazo fundi wa saluni hazihitaji. Fundi anasimamia kichwa kimoja. Mwalimu ana wanafunzi sita, kila mmoja na mteja wake. Wakianza wote saa nne kamili, na dawa ikikaa dakika ishirini tangu kupakwa hadi kusuuzwa, vichwa sita vitahitaji kukaguliwa katika dakika ileile, na sinki pengine ni mbili. Mwalimu mwenye kujua anawaanzisha kwa kupishana dakika kumi kumi: wakati wowote kuna vichwa viwili tu vyenye dawa, wa sita anaanza dakika ya hamsini, na wanaosubiri wanapewa kazi ya kujaza kadi za wateja, yaani dawa gani iliwekwa mara ya mwisho, lini, kuna vidonda, kuna mzio. Kupanga hivyo hakuhitaji kipaji. Kunahitaji mtu aliyefundishwa kwamba darasa la kemikali hupangwa kwa saa na sinki kabla ya kupangwa kwa mada.

Kupima nako kuna ufundi wake. "Mwanafunzi aweke dawa vizuri" haliwezi kuwa kigezo, kwani wapimaji wawili watatoa alama mbili tofauti. Kigezo ni kitu kinachoonekana: ameuliza historia kabla ya kufungua kopo, hakuna dawa iliyopita mpaka wa nywele zilizoota, ameosha mpaka povu limekuwa jeupe na amemwonyesha mpimaji. Kwa kuwa matokeo ya siku ile yanadanganya, anayepima urembo lazima apime mwenendo wa kazi kuliko mwonekano wa mwisho. Picha ya "kabla na baada" ambayo vyuo vinaipenda sana kwa matangazo haina thamani yoyote kama ushahidi wa mtihani.

Kama unataka njia ya haraka ya kumtambua mwalimu, muulize kuhusu jiki. Vifaa vilivyogusa damu vinahitaji klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika kumi. Chupa ikiwa ya asilimia 3.5, unagawa 3.5 kwa 0.5 unapata 7, unatoa 1, basi ni kipimo kimoja cha jiki kwa sita vya maji. Chupa ya asilimia 5 inataka tisa. Asiyesoma lebo atatumia kipimo kilekile kwa chupa zote. Kisha muulize kwa nini kifaa kinaoshwa kwa sabuni kwanza: kwa sababu nywele, mafuta na damu huimaliza klorini kabla haijafika kwa wadudu. Muulize mwisho kuhusu kile kikabati chenye mwanga wa buluu. Akikuambia kinaua kila kitu, ada yako irudi mfukoni. Mwanga hauingii kwenye meno ya mashine ya kunyolea, na mapunye husafiri humohumo.

Sehemu nyingine ya wajibu wake ni kufuata kanuni zinapobadilika. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania umehamia TBS, shirika la viwango, kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, lakini kuna madarasa ambayo bado yanawaelekeza wanafunzi kwenye taasisi isiyokuwepo kwa jina hilo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulianza kwa kuondoa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni ifikapo 2020, halafu mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata vile vyenye zebaki chini ya kiwango hicho. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kemikali ya TPO, inayosaidia jeli kukauka kwenye taa, kwenye jeli za kucha kuanzia Septemba 1, 2025, na bidhaa iliyofungiwa kwingine huwa inatafuta soko. Mkorogo hauuzwi kwa jina la mkorogo. Mwanafunzi anatakiwa atoke darasani akijua kusoma orodha ya viambato na kuona haidrokwinoni au neno lolote lenye "mercur" ndani yake, na awe na ujasiri wa kumwambia mteja mwenye pesa kwamba hiyo hapaki. Mwalimu anayeuza mkorogo kwenye kabati la nyuma hawezi kulifundisha hilo, hata awe na vyeti vingapi.

Pingamizi lililobaki ndilo zito kwangu. Ususi na urembo ni kazi inayowalisha wanawake wengi walioachia shule njiani, na kila sharti jipya lina gharama, nauli na siku za kufunga saluni. Ukiweka ukuta mrefu, watabaki wenye mitaji na wahitimu wa kidato cha nne. Ndiyo maana sharti la ualimu lisiwekwe kwa anayetaka kufanya kazi. Liwekwe kwa anayetaka kufundisha kemikali na usafi pekee, na apewe nafasi ya kulitimiza kwa Kiswahili, kwa vipindi vya jioni, kwa kupimwa kwa vitendo. Chuo kisichoweza kumpata mtu mwenye yote kiruhusiwe kuwa na wawili: msusi wa mkono, na mtu wa sayansi au afya anayesimamia siku za dawa. Kwa kijijini hilo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, maana zahanati na shule ya sekondari zina watu wanaojua alkali ni nini na klorini inapimwaje.

Wapimaji wa urasimishaji nao wanaweza kuongeza hatua moja ya hiari kwa fundi anayetaka kufundisha. Apewe mwanafunzi mmoja na kichwa kimoja chenye nywele halisi kwa dakika tisini, na mwanafunzi huyo awe ameelekezwa kwa siri kufanya makosa matano: asiulize historia, apandishe dawa kwenye ncha, asianze saa, asuuze povu likiwa na waridi, arudishe kitana kichafu kwenye boksi la visafi. Mpimaji akae pembeni kimya na kuhesabu ni mangapi yamesimamishwa kabla ya kutimia, na ni mangapi mwanafunzi ameelezwa sababu yake kwa maneno anayoyaelewa. Manne kati ya matano yatoshe kufaulu, ila la povu lisisamehewe. Anayeshindwa arudie baada ya miezi mitatu, na ada ya kurudia isizidi bei ya kusuka rasta kichwa kimoja.